Barua pepe za kamati zikijaa: jinsi ya kuzipanga ili barua yenye tarehe isipotee



Kamati nyingi tunazotembelea Kolwezi na kandokando yake zina anwani moja ya barua pepe. Kwa kawaida anwani hiyo ilifunguliwa siku mgeni wa mradi alipoomba anwani ya kamati, na kijana mmoja mwenye simu nzuri akaifungua hapo hapo. Tangu siku hiyo imeandikwa kwenye kila orodha ya mahudhurio, kila fomu ya sensa na kila ombi. Matokeo yake ni kwamba barua zinaingia kutoka kila upande: matangazo ya simu, habari za Facebook, nafasi za kazi za Kinshasa, mialiko ya semina iliyokwisha pita. Ukifungua sanduku hilo leo unaweza kukuta barua elfu mbili ambazo hakuna aliyezisoma.

Somo hili linaeleza jinsi ya kuipa kompyuta kazi ya kuzipanga. Tunaliweka katika gazeti la amani kwa sababu tumeona magomvi yaliyoanzia humo.

Kwa nini jambo hili linagusa amani

Katika mambo ya kuhamishwa, barua nyingi zina tarehe. Kuna siku ya kuhesabu nyumba. Kuna siku ambayo orodha ya wenye nyumba inatangazwa, na siku ya mwisho ya kulalamika kwamba jina lako halimo au kwamba vyumba vyako vinne vimeandikwa viwili. Kuna kikao kwenye ofisi ya commune. Barua ikifika Jumanne na kikao kiko Ijumaa, na katikati yake kuna matangazo sitini, mtu anayefungua sanduku mara moja kwa wiki hataiona.

Kinachofuata kinajulikana. Familia moja inapata habari kwa jirani, nyingine inakosa. Jioni watu wanasema: "Rais wa kamati alijua, akanyamaza, amekula." Hata kama hakula kitu, hana cha kuonyesha. Halafu neno linageuka kuwa la kabila: waliopata habari ni wa upande fulani, waliokosa ni wa upande mwingine. Wazee wa Kolwezi na Likasi wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa katika Katanga na watu wengi wakalala kwenye vituo vya treni wakingoja kuondoka. Mji uliopita hapo hauwezi kuchezea uvumi kuhusu nani aliambiwa na nani hakuambiwa.

Na uhamisho haujakoma. Shaba na kobalti ziko chini ya nyumba za watu. Kasulo, kobalti ilipogunduliwa mwaka 2014, watu walichimba ndani ya viwanja vyao, na mwaka 2017 familia nyingi zikahamishwa ili sehemu ya mtaa igeuzwe eneo la kuchimba. Septemba 2023 shirika la Amnesty International pamoja na shirika la hapa hapa, IBGDH, walitoa ripoti kuhusu watu kuondolewa kwa nguvu kwa ajili ya migodi ndani na kandokando ya Kolwezi, baada ya kuzungumza na watu zaidi ya 130. Wengi walieleza kwamba hawakushauriwa inavyotakiwa, na kwamba fidia haikutosha kupata nyumba kama ile waliyopoteza.

Sheria inatoa nafasi ya kusema. Kodi ya migodi, yaani Code minier ya mwaka 2002 iliyorekebishwa Machi 2018, inamtaka mwenye mgodi aandikiane na jamii cahier des charges, na atoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zilizoguswa. Règlement minier ya 2018 ina kiambatisho cha 18 kinachohusu kuhamisha watu, kuwalipa na kuwapa makao mapya. Lakini haki hizo zinadaiwa kwa barua, na barua inayojibiwa baada ya tarehe yake haina nguvu sana.

Kanuni ya kupanga ni nini

Fikiria plantoni wa ofisi. Anapokea barua mlangoni, anaangalia imetoka kwa nani na inahusu nini, anaiweka katika farde yake. Hamsomei mkuu barua, na hajibu. Anapanga tu, kufuatana na alivyoagizwa. Kanuni ya kupanga barua pepe ni plantoni wa namna hiyo. Unamwagiza mara moja: "Barua ikiwa hivi, ifanye hivi." Gmail na Yahoo wanaiita filtre, Outlook inaiita règle. Farde zenyewe Gmail inaziita libellés, na sisi tutasema lebo.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1987 Thomas Malone na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walikuwa wameshaandika juu ya programu iliyopanga barua kwa kanuni ambazo msomaji mwenyewe alizitunga. Barua zilikuwa tayari zinawazidi watu, na intaneti ya wote haijafika.

Jambo moja zuri kwetu: plantoni huyo hakai ndani ya simu yako. Anakaa kwenye mashine za Google au za Yahoo huko ziliko. Simu ikizimika au mega zikiisha, yeye anaendelea kupanga. Mtakapofungua tena, barua ziko mahali pake, na mnaweza kusoma farde moja tu bila kumaliza mega kwa matangazo.

Kabla ya kugusa kompyuta

Kaeni watu wawili au watatu na mwangalie barua hamsini za mwisho. Kwa kila moja ulizeni: isiposomwa wiki hii, nani atapoteza kitu? Msiulize inahusu nini. Ofisi kubwa hupanga kwa mada, yaani elimu, afya, maji, kwa sababu zina mtu wa kila mada. Kamati haina watu hao. Kwa kamati naona mafungu matatu yanatosha: barua zenye tarehe, barua za kusoma kwa nafasi, na makelele. Kamati iliyojitengenezea lebo ishirini huziacha zote baada ya mwezi.

Katika zile hamsini, andikeni kwenye karatasi anwani za makelele, na maneno yanayojirudia katika zile zenye tarehe. Karatasi hiyo ndiyo nusu ya kazi.

Kuanza na makelele

Nitaeleza kwa Gmail, kwa sababu kamati nyingi huku zinaitumia. Lazima uwe kwenye kompyuta. Programu ya Gmail ya simu haina mahali pa kutengenezea filtre. Saa moja kwenye duka la intaneti au kwenye ofisi ya shirika rafiki inatosha. Ukitumia kompyuta ya watu, ukimaliza toka kabisa katika anwani, wala usikubali kompyuta ihifadhi nenosiri.

Juu ya barua kuna kisanduku cha kutafutia. Upande wake wa kulia kuna alama ndogo ya mistari, ibonyeze. Utaona nafasi za kujaza: De ni anayetuma, Objet ni kichwa cha barua, Contient les mots ni maneno yaliyomo, Ne contient pas ni maneno yasiyokuwemo. Katika De andika anwani za makelele, kati ya moja na nyingine ukiweka neno OR kwa herufi kubwa. Kisha bonyeza Créer un filtre.

Sasa unamwagiza plantoni. Chagua barua isionyeshwe katika boîte de réception, na iwekewe lebo. Iiteni "Matangazo". Kuna mahali pa kuagiza barua ifutwe, msipaguse. Barua iliyofutwa hukaa kwenye kapu siku 30, kisha inakwenda moja kwa moja. Tangazo mlilolidharau laweza kuwa na namba ya muamala wa pesa mtakayoihitaji baadaye.

Kuna pia nafasi ya kuagiza kanuni ifanye kazi kwa barua za zamani zinazofanana. Iweke alama. Hapo utaona mamia ya barua yakiondoka mara moja, na watu waliokuwa wamekata tamaa wanacheka.

Barua zenye tarehe

Hapa ndipo penye kazi, na hapa watu wengi hukosea kwa kuamini anwani. Wanaandika anwani ya kampuni ya mgodi na kudhani wamemaliza. Angalieni barua mlizopokea kweli. Anayeandika juu ya uhamisho mara nyingi si kampuni. Ni ofisi ya washauri iliyopewa kazi ya kuhesabu nyumba, na ina anwani yake. Wakili ana yake. Mtumishi wa serikali mara nyingi huandika kutoka Gmail au Yahoo yake binafsi, na akihamishwa kwenda kazi nyingine, anayemfuata ana anwani nyingine tena. Kanuni inayotazama anwani peke yake itawaachia nje hao wote.

Kwa hiyo tumieni maneno. Katika Contient les mots andikeni mfano huu, mkiongeza ya kwenu:

indemnisation OR indemnité OR indemnités OR délocalisation OR delocalisation OR réinstallation OR recensement OR recours OR convocation OR "cahier des charges"

Ongezeni jina la mtaa wenu na la kijiji mlichotoka, kwa namna zote yanavyoandikwa. Gmail hutafuta neno zima; ukiandika "indemnis" peke yake haitaleta "indemnisation". Ndiyo sababu nimeandika umoja na wingi. Neno lenye alama juu ya herufi liandikeni pia bila alama, kwa kuwa watu wengi huandika haraka. Maneno mawili yanayokwenda pamoja yafungeni kwa alama za kunukuu.

Kwa kanuni hii agizeni mambo manne: lebo "TAREHE", nyota, isipelekwe kamwe kwenye spam, na iwekwe chini ya Principale. Ile ya kuiondoa katika boîte de réception msiiguse hapa. Barua yenye tarehe lazima ionekane mbele.

Sasa angalieni mtego mmoja. Gmail huitekeleza kila kanuni inayolingana na barua. Tuseme shirika fulani mmeliweka kwenye Matangazo kwa sababu linatuma habari kila siku. Siku moja linatuma barua yenye neno "recensement". Kanuni ya pili itaipa lebo TAREHE na nyota, lakini ile ya kwanza itaiondoa mbele ya macho yenu vilevile. Dawa yake ni kurudi kwenye kanuni ya Matangazo na kuandika maneno makuu yale yale katika Ne contient pas. Filtre zote mnazikuta katika Paramètres, na kila moja inaweza kurekebishwa.

Katika Outlook mambo ni tofauti kidogo: kanuni zinafuatana kama foleni, na unaweza kuagiza plantoni asimame baada ya ile iliyolingana. Huko wekeni TAREHE juu kabisa.

Mambo ambayo plantoni hawezi

Barua nyingi za ofisi zetu ni karatasi yenye muhuri iliyopigwa picha. Barua pepe yenyewe haina neno, kichwa chake ni "Doc" au "Courrier", na yote yako katika kiambatisho. Msitegemee kanuni isome picha hiyo. Tengenezeni kanuni ya tatu: kila barua yenye kiambatisho ipewe lebo "Viambatisho", na ibaki mbele. Mtafungua mengi ya bure, lakini ni afadhali.

Kapu la spam lazima lifunguliwe na mtu, angalau mara moja kwa wiki. Barua za spam nazo hufutwa baada ya siku 30. Kanuni yetu ya TAREHE inaokoa zile zenye maneno tuliyoyajua, si zile ambazo hatukuyajua.

Nafasi pia ina mwisho. Gmail ya bure inatoa gigabaiti 15, na humo zinahesabiwa hata picha na faili mlizohifadhi Google. Kamati zilizotuma na kupokea picha za nyumba zilizobomolewa zinaweza kujaza. Nafasi ikiisha barua mpya haziingii, zinarudishwa kwa aliyezituma, na yeye anaweza kudhani mmekataa. Andikeni larger:10M katika kisanduku cha kutafutia, mtaziona barua nzito. Picha ambazo ni ushahidi zinakiliwe kwanza kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili, halafu ndipo mfute. Na tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti ambayo haikutumiwa kwa miaka miwili. Kamati iliyolala ikingoja jibu la mahakama iifungue anwani yake mara kwa mara.

Siku hizi matangazo mengi hupita WhatsApp. Ni kweli, na ni haraka. Lakini picha ya tangazo katika kikundi cha watu mia mbili inazama baada ya siku mbili, na simu ikiibiwa inakwenda nayo. Mtu wa kamati aitume picha hiyo kwa barua pepe ya kamati, akiandika neno "convocation" au "recours" katika kichwa. Kanuni itaikamata na kuiweka mahali pake.

Nani anashika ufunguo

Kanuni zote hizi zinaweza kuongeza ugomvi zikitengenezwa na mtu mmoja usiku. Anayeweza kuagiza barua za kampuni ziwekwe TAREHE anaweza pia kuagiza zifichwe. Siwazii vibaya, najua tu kwamba watu watauliza, na kamati iwe na jibu.

Nenosiri lijulikane kwa watu wawili ambao familia zimewachagua, na ikiwezekana wasiwe wa nyumba moja wala wa upande mmoja. Katika kamati nilizoona zikidumu, mmoja wao ni mama. Wamama ndio wanaobaki mtaani mchana, na ndio wa kwanza kusikia mtu akisema hakuambiwa. Badala ya kugawa nenosiri kwa watu wengi, Gmail inaweza kupeleka nakala za barua za TAREHE kwa anwani nyingine. Anwani hiyo itapokea kwanza ujumbe wa kuthibitisha.

Andikeni kanuni zote kwenye karatasi, kwa Kiswahili, na mzisome mbele ya mkutano: "Barua yenye maneno haya inakwenda hapa. Barua za hawa zinakwenda kule." Bandikeni karatasi hiyo mahali mnapokutania. Kila Jumatatu watu wawili wafungue TAREHE pamoja na kuandika katika daftari: nani ameandika, barua ilifika siku gani, tarehe ya mwisho ni ipi, nani ameambiwa. Akija mtu kusema ameachwa, daftari linafunguliwa mbele yake.

Lakini barua za siri ni jambo jingine kabisa. Mama aliyetendewa ukatili, kijana aliyeona askari akipokea pesa, mtu anayetishwa: hao wasiandike kwenye sanduku la kamati. Lebo haifichi kitu. Kila mwenye nenosiri anaona farde zote. Wengine hufundisha kuongeza alama ya + na neno kwenye anwani, kwa mfano kamati+malalamiko. Inasaidia kupanga, kwa kuwa Gmail inaipokea na unaweza kuitungia kanuni, lakini barua inaangukia katika sanduku lile lile. Malalamiko ya namna hiyo yanahitaji anwani nyingine kabisa, ya mtu mmoja au wawili waliofundishwa kutunza siri, au yasemwe kwa mdomo kwa shirika la ulinzi. Na kanuni ya kupeleka nakala isitumike kwa barua hizo hata siku moja.

Barua za zamani

Msijaribu kusoma elfu mbili zote. Andikeni katika kisanduku cha kutafutia maneno yenu makuu, mtazame za miezi 12 iliyopita, mzipe TAREHE zile zinazostahili. Zilizobaki zitoeni kwenye boîte de réception kwa pamoja, bila kufuta. Ziko pale pale, na zinatafutika. Kazi hii ni ya mchana mmoja.

Zoezi kwa kamati

Fanyeni zoezi hili katika mkutano ujao, familia zikiwepo. Kwanza, mtu mmoja aitumie anwani ya kamati barua ya majaribio yenye neno "recensement", na mwingine atume barua isiyo na neno lolote ila kiambatisho. Angalieni zimeangukia wapi. Kisha jadilianeni:

Barua ya mwisho yenye tarehe tuliyopokea ilifika siku gani, na familia ya mwisho kuambiwa iliambiwa siku gani?

Ni maneno gani ya Kifaransa ambayo ofisi huyatumia juu yetu, na bado hayamo katika kanuni yetu?

Wenye nenosiri wakisafiri wote wawili, nani atafungua sanduku Jumatatu?